Binti Yangu Anaitwa Garance

Siku tatu baada ya binti yangu kuzaliwa, jirani yetu wa upande wa chini wa mteremko alikuja kutupa hongera akiwa na kikapu cha ndizi na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Alimpokea mtoto, akamfunua uso, akauliza jina. Nilipomwambia kwamba anaitwa Garance alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole wa mtu asiyetaka kuudhi: “Garanti? Kama ile ya nyumba?” Kwa msomaji asiyeishi Bukavu, mji wetu wa mashariki ya Kongo, lazima nieleze kwamba garanti ni fedha za miezi kadhaa ambazo mpangaji humkabidhi mwenye nyumba kabla hajapewa ufunguo, na hakuna familia ya hapa mjini isiyojua uzito wake. Tangu siku ile nusu ya mtaa wananiita Mama Garanti, nami huitika, kwa maana wananiita kwa mapenzi. Lakini jina la mtoto lina maana yake, na kwa kuwa sasa ametimiza miaka sita na anajua kusoma, nataka kuiandika mahali ambapo siku moja ataisoma mwenyewe.

Garance ni jina ambalo Wafaransa wameupa mmea ambao wanabotania wanauita Rubia tinctorum, wenye asili ya mashariki ya Mediterania na Asia ya Magharibi. Mtu akipita karibu nao hatageuka kuutazama. Shina lake ni jembamba, lina pembe nne, na haliwezi kusimama bila kuegemea kichaka au ukuta. Majani yamejipanga kulizunguka, manne, matano au sita kwa kila kifundo, na kingo zake zina vimiiba vilivyopinda vinavyong'ang'ania nguo ya mpita njia. Maua yake ni ya manjano hafifu, madogo kuliko punje ya mchele, na baada yake hufuata matunda meusi yasiyozidi punje ya njegere. Watu wengi, hata huko Ufaransa, hudhani kwamba garance ni ua jekundu. Sivyo. Wekundu wote umefichwa ardhini, katika mizizi, na hilo ndilo lililonifanya nilipende jina hili kabla sijawa na mtoto wa kumpa. Tumezoea kuwaita wasichana kwa kile kinachoonekana na kunukia, Rose, Yasmini, Maua, na hapa kuna jina ambalo uzuri wake haupatikani mpaka mtu ashike jembe.

Mkulima wa garance alihitaji subira. Mizizi huachwa ardhini kwa muda wa miaka mitatu hivi, ndipo inapochimbwa, kukaushwa na kusagwa kuwa unga. Pamba haiipokei rangi hiyo vivi hivi: kwanza hulowekwa katika maji ya shabu, lile jiwe jeupe ambalo vinyozi hupaka kidevuni baada ya kunyoa, kwa sababu alumini iliyomo ndani ya shabu ndiyo inayoifunga rangi kwenye uzi. Kisha kitambaa huwekwa katika maji ya mizizi yaliyo moto lakini yasiyochemka, maana yakichemka wekundu hupotea na kuelekea kwenye rangi ya kahawia. Rangi iliyoshikwa namna hiyo hudumu. Vitambaa vilivyotiwa garance vimepatikana katika makaburi ya Misri ya kale, na macho yetu bado yanaweza kuuona wekundu wake.

Kuna kisa kimoja ambacho huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Mwaka 1736 daktari mpasuaji wa London, John Belchier, aliandika juu ya nguruwe waliolishwa pumba zilizokuwa zimetumika katika kazi ya kutia vitambaa rangi ya garance. Nyama ya nguruwe hao ilikuwa ya kawaida, lakini mifupa yao ilikuwa imegeuka myekundu. Baadaye Mfaransa Duhamel du Monceau aliwalisha wanyama garance kwa vipindi, akiwapa na kuwanyima, naye akakuta mifupani mwao tabaka nyekundu na nyeupe zikifuatana, na hivyo wataalamu wakaanza kuelewa jinsi mfupa unavyokua. Darasa hunyamaza kabisa ninapofika hapo. Sijui mmea mwingine wa rangi ambao umeingia mwilini kwa kina hicho, na siku nilipomwangalia binti yangu akiwa amelala, mdogo kiasi kwamba mifupa yake ya mkono ilitoshea kati ya vidole vyangu viwili, ndicho kisa nilichokikumbuka.

Historia ya garance huko Ufaransa ina huzuni yake pia, na sitaki kuificha. Katikati ya karne ya 18, Jean Althen, Mwarmenia aliyezaliwa Uajemi, alieneza kilimo cha mmea huu katika eneo la Avignon, na ardhi ya huko ikaukubali mno hata mji mdogo wa Althen-des-Paluds ukachukua jina lake. Mwaka 1829 serikali ya mfalme Charles X iliwavika askari wa miguu suruali nyekundu za garance, jambo lililowapa wakulima soko la uhakika. Kisha mwaka 1868 wanakemia wawili wa Kijerumani, Carl Graebe na Carl Liebermann, walifaulu kutengeneza maabarani alizarini, dutu ile ile inayoutia mzizi wekundu wake, viwanda vikaiuza kwa bei ndogo, na katika miaka michache tu mashamba ya garance yakafa. Suruali nyekundu zilibaki hadi vita vya mwaka 1914, zikiwafanya askari waonekane kutoka mbali, ndipo zikabadilishwa kwa sare za buluu hafifu. Shemeji yangu mmoja aliposoma habari hiyo alinipigia simu akiwa na wasiwasi kwamba nimempa mtoto jina la damu. Nilimjibu kwamba rangi haikuomba kuvalishwa askari, na kwamba kwa maelfu ya miaka kabla yao ilikuwa rangi ya blanketi, zulia na nguo za harusi.

Sikulipata jina hili katika filamu wala katika magazeti ya kina mama. Nililipata katika chumba cha mihadhara cha ISP, chuo cha ualimu cha hapa Bukavu, nilipokuwa nikisomea biolojia. Tulikuwa tunajifunza jamii za mimea, na mhadhiri wetu alifika kwenye jamii ya Rubiaceae, iliyopangwa na Antoine-Laurent de Jussieu mwaka 1789 na yenye spishi zipatazo 13,000. Alituuliza nani anaweza kutaja mmea mmoja wa jamii hiyo, na darasa likakaa kimya. Akafungua dirisha, akatuonyesha milima, akasema: “Kahawa. Na kwinini.” Nusu yetu tulikuwa tumesomeshwa kwa fedha za kahawa, wengine wazazi wao walikuwa wamebambua magome ya mkwinini ambayo viwanda huchemsha na kutoa ile dawa ya malaria iliyotengwa kwa mara ya kwanza na Pelletier na Caventou mwaka 1820, na hakuna kati yetu aliyejua kwamba mimea hiyo miwili ni ndugu. Halafu akatueleza kwamba jamii nzima imepewa jina la mmea mmoja usio na sura, Rubia, neno linalotokana na wekundu kwa Kilatini, na kwamba kwa Kifaransa mmea huo unaitwa garance. Niliandika neno hilo pembeni mwa daftari na kulizungushia duara. Daftari ninalo hadi leo.

Kwa hiyo waliponiambia kwamba nimemwita mtoto jina la wageni, nilikuwa na jibu. Hata hivyo kwa baba mkwe wangu sikuweza kujibu kwa haraka namna hiyo. Yeye ni Mushi, yaani mtu wa kabila la Bashi, kutoka Katana, mtu mzima anayepima maneno, na katika ukoo wao mtoto hupewa jina linaloeleza jambo: shukrani, tarajio, hali ya nyumba siku alipozaliwa. Alikwisha kumpa mjukuu wake jina la Kimashi, Nsimire, la kushukuru, na ndilo la kwanza kwenye karatasi zake. Lakini alitaka kujua hilo la Kifaransa linasema nini. Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba yake, mbele ya mibuni iliyokuwa imechanua, na ninyi mliowahi kukaa karibu na mibuni wakati huo mnajua ile harufu inavyokuwa. Nilikata kitawi, nikamwonyesha jinsi majani ya mbuni yanavyokaa mawili mawili yakitazamana, na katikati yao kijani kidogo chenye umbo la pembetatu, kigumu, ambacho mkulima hukigusa kila siku bila kukipa jina. Nikamweleza kwamba kwenye garance vijani hivyo vimekua vikawa majani kamili, ndiyo maana yanaonekana kulizunguka shina, na kwamba kwa alama hiyo wataalamu huutambua ukoo wote. Alikigeuza kitawi mara mbili tatu. Akasema: “Kwa hiyo huyu ni mkubwa wa ukoo wa kahawa.” Nikamwambia ndiyo, baba, ndilo jina ambalo ukoo wote unaitwa kwalo. Hakusema zaidi, ila jioni ile nilimsikia akimweleza mzee mwenzake barabarani, na alieleza vizuri kuliko mimi.

Huko Ufaransa kwenyewe Garance lilikuwa jina la nadra mno kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Wanamapinduzi walikuwa wameuweka mmea huo katika kalenda yao ya jamhuri, ambamo kila siku ilipewa mmea, mnyama au chombo cha kazi badala ya mtakatifu, na tarehe 23 ya mwezi wa Brumaire, ambayo huangukia karibu na 13 Novemba, ilikuwa siku ya garance. Lakini kalenda hiyo ilifutwa mwanzoni mwa mwaka 1806 na haikuacha kina Garance wengi nyuma yake. Lililowafanya watu wengi walisikie kama jina la mwanamke ni filamu ya Marcel Carné iliyotoka mwaka 1945, Les Enfants du paradis, ambamo Arletty aliigiza mwanamke huru wa jina hilo anayependwa na wanaume wanne. Hata hapo wazazi hawakukimbilia kulitumia. Sheria ya mwaka 1803 ilikuwa bado inataka majina yatoke katika kalenda au katika historia ya kale, na ingawa ilikuwa imelegezwa, mzazi mwenye jina geni aliweza kukataliwa ofisini. Sheria ya 8 Januari 1993 ndiyo iliyowaachia wazazi uhuru wa kuchagua, na tangu miaka hiyo Garance limepanda pamoja na majina mengine ya mimea kama Capucine, hadi kuwa jina linalosikika katika shule nyingi za huko. Mwigizaji Garance Marillier, aliyezaliwa mwaka 1998, ni wa kizazi hicho. Nadhani kuna sababu nyingine ya kupendwa kwake: ni jina lenye sauti nzito, lisiloishia na ile a laini ya majina mengi ya wasichana, na haliwezi kufupishwa kwa urahisi.

Sisi tulikuwa na sheria ya namna yetu. Mwaka 1972, katika siasa ya uhalisi ya Mobutu, majina ya Kikristo na ya Kizungu yalipigwa marufuku, na Rais mwenyewe akaacha Joseph-Désiré. Mama yangu alikuwa msichana wa shule. Alikuwa amebatizwa Hortense, jina la kale la Kirumi lenye udugu na neno la Kilatini la bustani, na siku moja mwalimu alipita dawati kwa dawati akifuta majina na kuandika mapya. Mama alikaa karibu miaka 18 bila Hortense kwenye karatasi yoyote. Nyumbani bibi yangu aliendelea kumwita hivyo, kwa sauti ya chini kwanza, halafu kwa mazoea. Siasa zilipofunguka mwaka 1990 majina yalirudi, na Mama anakumbuka kanisa ambamo watu wazima walijitambulisha upya kwa majina yao ya utotoni, wengine wakicheka, wengine wakilia. Leo tunabeba majina matatu: jina, posnomu, yaani jina linalolifuata, na prenomu, ambalo mara nyingi ni la Kifaransa au la ubatizo. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 inataka majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa Kongo na inakataza yale ya kutukana au kudhalilisha, ila kwa mazoea prenomu za Kifaransa zinapokelewa kila mahali. Nimekuwa mwalimu kwa miaka 14, nimeita majina ya maelfu ya wanafunzi asubuhi baada ya asubuhi; kati ya majina ya mimea nimekuwa na kina Olive wengi, kina Clémentine, kina Violette, kina Marguerite, Jacinthe wawili, na Maua mmoja niliyempenda sana. Garance sijapata kumwita darasani hata mmoja.

Ugeni huo wa jina ulitugharimu. Tulipokwenda kumwandikisha mtoto katika komini, karani aliliandika jina kama alivyolisikia, na ni tulipofika nyumbani ndipo mume wangu alipofunua cheti na kusoma “Garantie”. Tulirudi kesho yake tukidhani ni suala la kufuta herufi mbili. Haikuwa hivyo. Jina likishaingia katika kitabu cha uandikishaji haliguswi bila hukumu ya mahakama, na kwa hiyo tulianza safari ya ombi, nakala, mihuri, gharama na kurudi wiki ijayo, iliyodumu miezi saba. Sisemi haya ili kumlaumu karani, ambaye alikuwa na foleni hadi mlangoni na hakuwahi kulisikia jina hilo maishani mwake. Nasema kwa ajili ya mzazi mwingine mwenye jina la nadra moyoni: liandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mpe karani karatasi hiyo mkononi, na usiondoke dirishani kabla hujasoma cheti neno kwa neno. Na kama mtu atauliza, Garance na garanti hayana udugu wowote hata kwa Kifaransa. Yote mawili yanatokana na lugha ya kale ya Wafranki, lakini kila moja limetoka kwenye mzizi wake.

Kitu ambacho sikukijua siku ile darasani, na ambacho mhadhiri wetu hakututajia, nimekijua mwaka jana tu. Rafiki yangu wa masomo, ambaye anazijua mimea za milima yetu kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, alitupeleka kutembea juu ya Lwiro, mimi na mtoto. Mahali njia inapoingia katika vichaka Garance alilalamika kwamba kuna kitu kinamvuta gauni. Rafiki yangu aliinama kumnasua, akasimama ghafla, akacheka kwa furaha, akaniita. Ulikuwa mmea mwembamba unaotambaa juu ya vingine, shina la pembe nne lenye vimiiba vilivyopinda, majani manne kwa kila kifundo, yenye umbo la moyo na mishipa mirefu inayotoka kwenye kikonyo. Rubia cordifolia. Ni garance ya pili, ndugu wa damu wa ile ya Ufaransa, iliyoenea kutoka Asia hadi milima ya Afrika, na ilikuwepo hapa kabla Mbelgiji yeyote hajapanda mkwinini wa kwanza. Nilikuwa nimetafuta udugu wa mbali kupitia kahawa, kumbe mwenye jina mwenyewe alikuwa anatungoja njiani.

Rafiki yangu alichimba kipande cha mzizi kwa kisu, kirefu kama kiganja, akakwangua ganda. Ndani kulikuwa na rangi ya machungwa iliyoiva kuelekea wekundu, na ilibaki kwenye kucha za mtoto hadi tulipofika nyumbani. Tulichukua mizizi michache tu, tukaiacha mingine mahali pake.

Jumapili iliyofuata tulifanya kazi hiyo jikoni. Nilinunua shabu sokoni Kadutu, nikaiyeyusha, tukaloweka kipande cha pamba nyeupe kutoka kwenye shuka la zamani usiku kucha. Asubuhi Garance aliisaga mizizi katika kinu kidogo cha vitunguu saumu, na tukaiweka kwenye sufuria juu ya makaa machache, yeye akikaa kwenye kigoda kuhakikisha maji hayachemki, na kila mara aliponiona napita aliniambia, “Mama, bado.” Baada ya saa mbili tulikitoa kitambaa. Hakikuwa chekundu kama suruali za askari wa picha. Kilikuwa na rangi ya tofali lililochomwa, nyepesi upande mmoja na nzito upande mwingine kwa sababu hatukukigeuza vya kutosha. Tumekifua mara nne kwa sabuni ya mche na bado kiko vile vile. Babu yake alipokuja kututembelea aliombwa akinuse, akakinusa, akaomba akatiwe kipande. Tulimkatia, na kingine kikubwa zaidi Garance amekishona mwenyewe, kwa mishono mikubwa isiyonyooka, kwenye mfuko wake wa shule, chini ya jina lake lililoandikwa kwa wino na herufi zote saba.